Kisanduku cha Tisa

Fomu yangu ina visanduku vinane.
Umri. Uzito. Amewahi kulazwa?
Anamng'ang'ania mama? Anajibu akiulizwa?
Analia akiona koti jeupe?
Natia vema, najumlisha,
na jumla ikivuka kumi naandika pembeni: huyu atasumbua.
Maana yake: mikono miwili ya ziada, na dawa ya kumpoza kabla ya usingizi.

Jumatano, Wete. Mvua ya vuli yapiga bati tangu alfajiri,
jenereta inakohoa nyuma ya jiko la wagonjwa.
Orodha ina wawili.

Shaame, miaka mitano, ngiri,
kaingia akirusha mateke, kiatu kimoja kikabaki ukumbini.
Kamuuma Bi Mgeni kidole.
Kamtupia daktari tusi ambalo huko kwao Kiuyu
hata watu wazima hulisema kwa kunong'ona.
Kumi na nne. Nikapiga mstari chini, mara mbili.

Raya, miaka saba, mkono ulioungua mafuta ya kalimati,
vidole vimegandana na kiganja
kama jani la mgomba lililopitishwa motoni.
Kakaa kitandani, miguu pamoja.
Jina? Kasema. Darasa? La kwanza.
Unaogopa? Katikisa kichwa.
Kainusa barakoa, kasema inanuka ndoo mpya.
Nikacheka, nikaandika: mbili.
Nikamsifu mbele ya mwenziwe: mtoto hodari, hana taabu.
Mamake alisimama mlangoni,
mkono wake mmoja umeushika wa pili.
Sikumuuliza kitu.
Fomu haikuniambia nimuulize.

Saa saba mchana, chumba cha kuamkia.
Shaame kafumbua macho, katazama dari,
kauliza kiatu chake kiko wapi,
kisha kageukia ubavu kama paka juu ya gunia.

Na Raya,
Raya kaamka kabla Raya mwenyewe hajafika.
Mwili ulirudi peke yake,
ukapiga vyuma vya kitanda, ukang'oa mpira wa maji,
damu ikachora shuka,
na ile sauti, sijui aliificha wapi
alipokuwa akinijibu "la kwanza".
Mama kaja mbio: "Raya! Mie, mie mamako!"
Macho yako wazi. Hayamjui.
Dakika ishirini na mbili. Nilizihesabu kwenye saa ya ukutani
kwa kuwa mikono ilikuwa imemkumbatia
na macho yalitaka pa kukimbilia.

Kisha, kama mvua ya kwetu inavyokatika, bila kuaga,
kanyamaza. Kaomba maji.

Ndipo nikamgeukia mama, nimechelewa saa sita:
"Huyu akiogopa huwaje?"
Kafuta mikono kwa kanga, na mikono ilikuwa mikavu.
"Hunyamaza.
Siku ile ya mafuta hakulia.
Kaja uani, kasimama, kanambia, mama, karai limeanguka.
Miye nikaenda kutazama karai.
Na jana usiku kalikunja gauni lake, kalikunjua, kalikunja,
mara sijui ngapi. Nikadhani furaha ya safari."

Kimya kingi kina mshindo.
Bibi yangu alinambia hayo nikiwa na umri wa Raya,
na chuo kikanifunza kuhesabu vilio,
nikamwacha bibi nje ya mlango, pamoja na viatu.

Usiku, nyumbani Jadida, nikaitoa fomu mkobani.
Kwa penseli, chini ya cha nane,
nikachora kisanduku kingine. Kimepinda:
mwanangu alikuwa kanilalia mkono.
Nikaandika: muulize aliyelala naye jana.
Alama ngapi, sijui. Nimeacha wazi.

Alhamisi, wa kwanza kwenye orodha
kaingia anacheka.
Nikaiweka kalamu chini,
nikavuta kiti, nikakaa na mama yake.